Cheti Ukutani, Vumbi Mapafuni!

(Mazungumzo ya mwandishi wetu na vijana wa kijiweni)



Kila ghorofa kubwa linaloota mjini linatakiwa kuwa na Tathmini ya Athari kwa Mazingira. Si hisani ya kigogo yeyote, ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Ubaya wake, huandikwa kabla shimo la msingi halijachimbwa. Ni ahadi. Na ahadi, jamani, tunazijua!

Sheria hiyo hiyo inataka mradi ukaguliwe baadaye, na hapo ndipo mchezo ulipo. Mkaguzi akija, akasoma faili, akanywa soda, akaondoka, amepima nini? Kupima ni kuhesabu: tipa ngapi za mchanga zimeingia na zimetoka wapi, jenereta imekunywa lita ngapi za dizeli, kifusi kimemwagwa wapi, maji ya kuoshea mashine ya zege yamekwenda mtaro gani.

Chukueni mchanga peke yake. Ukichimbwa mtoni ovyo, kingo zinabomoka na mto unajipanulia njia. Anayehama si mwenye ghorofa, ni mlalahoi wa bondeni. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Sisemi mchanga ndio uliyaleta, mvua ile ilikuwa ya kutisha, lakini mto uliochokonolewa haumsubiri mtu ahamishe godoro.

Saruji nayo! Mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na jiwe lenyewe hutoa hewa ya kaboni likiungua, uwashe kuni au gesi. Sasa ghorofa lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi Machi 2013 liliua watu 36, na saruji yote ile ikageuka kifusi. Kulipua kazi ni kuua na kuchafua kwa mpigo mmoja.

Na wewe unayekata mawe na zege bila kumwagia maji, unavuta silika. Makovu yake mapafuni hayaponi, na kitambaa puani hakizuii.

Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 kinamfungulia mlango wa mahakama. Basi Jumatatu, mkisubiri kibarua getini, mwombeni msimamizi ripoti ya ukaguzi wa mwisho. Cheti msikitake, hicho mtaonyeshwa haraka sana. Akisema ripoti iko kwa bosi, mwulizeni bosi yuko wapi.