Maktaba Ianze na Sanduku
(Mazungumzo ya mwanachama siku ya maadhimisho ya miaka kumi, Dumila)



Nimeombwa niseme machache kuhusu maktaba. Tangu sherehe hii ianze kupangwa maneno ni hayo hayo: tujenge maktaba, watoto wetu na sisi wenyewe tupate pa kusomea. Wazo ni zuri mno. Ila nasikia hesabu za matofali na mabati tu, na hapo, mniwie radhi, mimi sikubaliani.

Hebu twende Uganda kidogo, kijiji cha Kitengesa karibu na Masaka. Maktaba yao ilianza mwaka 1999 bila nyumba. Lilikuwa sanduku la vitabu 161 katika shule ya sekondari ya pale. Aliyewashika mkono ni Kate Parry, profesa wa Hunter College huko New York. Jengo lilikuja mwaka 2004, kwa msaada wa mfuko ambao wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa huchangia asilimia moja ya mishahara yao. Jamani, hata wenzetu wa ofisi kubwa wanachanga kama sisi! Miaka mitano watu waliazima vitabu kwanza, ndipo kuta zikasimama. Wanafunzi waliofanya kazi maktabani walilipiwa ada, na wanawake wa pale wakawa na kikundi chao kinachokutania humo humo. Mfadhili alileta fedha, lakini mlango ulifunguliwa kila siku na wenyeji.

Sisi tunao mfano wetu pia, na si wa kufurahisha. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mama zetu wakashika kalamu, na vijijini zikafunguliwa maktaba ili waliojua kusoma wasisahau. Nyingi zilififia. Vitabu vilichakaa, vipya havikuja, na kitabu kikishasomwa na kijiji kizima nani atarudi kukifuata?

Kwa hiyo napendekeza hivi. Sanduku tunalijua, akina mama. Miaka kumi tumeweka hisa kwenye sanduku lenye kufuli tatu na washika funguo watatu, na halijapotea. Basi tununue la pili, la vitabu. Daftari la kuazima liwe kama daftari la mikopo: jina, tarehe, sahihi. Asiyeandika aweke dole gumba, kisha asomewe na mjukuu wake.

Atakayelifungua apewe posho, asiwe wa kujitolea mpaka achoke. Tukiwa thelathini, kila mmoja akatoa shilingi 500 kila kikao cha wiki, ni shilingi 15,000. Kwa wiki nne, 60,000. Si mshahara, lakini binti aliyemaliza kidato cha nne ataipokea kwa mikono miwili. Na afungue jioni, mtu akishatoka shamba. Maktaba ya saa nne asubuhi itakuwa ya nani hapa?

Kwenu wafadhili, tunawashukuru kwa moyo. Tunaomba jambo moja, mtuulize kabla ya kuleta. Tunataka vitabu vya Kiswahili, vya hadithi, vya afya ya mama na mtoto, vya kilimo cha mahindi na mpunga, na vya kiada vya mtaala unaofundishwa sasa. Makasha ya vitabu vilivyotupwa kwingine yatatujazia chumba tu.

Siku ya kujenga itafika. Ikifika, tukumbuke Januari 2014, mafuriko yalipoingia Dumila na kukata barabara ya Dodoma. Msingi uinuliwe, na rafu ya chini kabisa ibaki tupu.

Katibu ana karatasi pale mezani. Anayeunga mkono hizo shilingi 500 aandike jina lake kabla ya pilau.