Jangwa Lenye Ukingo



Miaka minne iliyopita, katika chumba cha semina kilicho juu ya ukumbi huu, Warumi walishinda vita vya Carrhae. Naona wanahistoria wa safu ya mbele wameanza kutazamana, na wana haki. Carrhae, mwaka 53 KK, ni miongoni mwa vipigo vibaya kabisa ambavyo Roma iliwahi kupata. Lakini alasiri ile jemadari wa Waparthi, kijana wa mwaka wa pili, dadu mkono huu na andazi mkono ule, alipoteza vikosi vinne kabla chai haijapoa. Tangu siku hiyo swali la kwa nini Warumi walishinda halijanitoka, na leo, kwa kuwa mmenipa kigoda na hamwezi kuondoka, nitawatwisha nanyi.

Mchezo wenyewe, wa vita vya mezani, una ukoo wake. Maofisa wa Prussia walikuwa na wa kwao, uliochapishwa mwaka 1824. H. G. Wells, mwandishi wa riwaya, alitoa kitabu chake Little Wars mwaka 1913 na kuwafundisha watu wazima kulala kifudifudi sakafuni kwa ajili ya askari wa bandia. Mwaka 1969 Waingereza wachache wakaunda Wargames Research Group, na vita vya kale vikapata kanuni zilizoandikwa kwa kusoma vyanzo. Sisi tulitumia De Bellis Antiquitatis, ya Phil Barker na Richard Bodley Scott, iliyotoka mwaka 1990. Meza yake ni mraba wa sentimita 60 hivi. Kila upande una vikosi 12, na kila kikosi ni vijiaskari vya milimita 15 vilivyogandishwa kwenye kibao. Anayetangulia kupoteza vikosi vinne, kwa kawaida ndiye aliyeshindwa.

Tazameni kwanza kilichotendeka hapo. Crassus, jemadari wa Warumi, alivuka mto Frati akiwa na lejioni 7, wapanda farasi karibu 4,000 na askari wepesi idadi kama hiyo. Surena, jemadari wa Waparthi, alimpokea kwa wapanda farasi wapatao 10,000: wengi wapiga upinde, na 1,000 kati yao wamevikwa deraya, mtu na farasi wake. Mezani, wote wakawa 12 kwa 12. Tofauti ya idadi imefutwa kwa kalamu ya mtunga kanuni; imebaki tofauti ya aina. Huyu anatembea, yule anapanda.

Sasa naomba subira, maana kuna hesabu. Kikosi cha lejioni kinapopambana na wapanda farasi kina alama 3. Wapanda farasi wepesi dhidi ya watu wa miguu wana 2. Kila upande unarusha dadu moja na kujumlisha, kisha jumla ya Mrumi ikiwa nusu ya ile ya Mparthi au pungufu, kikosi chake kinaondolewa mezani. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Mrumi mwenye wenzake kulia na kushoto anauawa kwa njia moja tu: yeye apate 1, Mparthi apate 6; nne kwa nane. Mparthi wa pili akimwotea ubavuni, Mrumi anakatwa alama moja na njia zinakuwa 4. Akibanwa mbavu zote mbili, zinakuwa 9. Robo nzima! Niliipiga hesabu hii ubaoni mara tatu kwa sababu sikuiamini.

Mtauliza, na mishale je? Haipo. Katika kanuni hizi wapanda farasi wepesi hawapigi upinde kwa mbali. Mishale yao imefichwa ndani ya ile alama 2. Nilipolisema hilo darasa zima liliguna. Carrhae bila mishale, Mwalimu? Ni kama pilau bila bizari.

Mimi namtetea Barker, ingawa si mpaka mwisho. Plutarch, ambaye ndiye anayetupa habari nyingi za siku ile, anasema Warumi walikuwa wamesongamana kiasi kwamba hata mpiga upinde aliyetaka kukosa asingeweza. Kwanza wamezungukwa, ndipo mshale ukafanya kazi. Wakati Publius, mwana wa Crassus, alipotoka na wapanda farasi 1,300, wapiga upinde 500 na kohorti 8 kuwafukuza Waparthi, walimkimbia mpaka akawa mbali na baba yake, kisha wakamgeukia. Kichwa chake kilirudi juu ya mkuki. Moja, nne, tisa: kanuni ya kitabu kidogo imeshika jambo ambalo vitabu vinene hulipita.

Pale nisipomtetea ni hapa. Warumi walivumilia wakitumaini podo zitakwisha. Ndipo walipowaona ngamia wamesimama nyuma, wamebeba mishale, na wapanda farasi wakienda kujaza upya. Hilo lilikuwa la Surena. Majeshi mengi ya wapiga upinde hayakuwa na ngamia kama hao. Kanuni zetu humpa kila mpanda farasi mishale isiyokwisha, na ugavi, ambao ndio ulioua matumaini ya watu siku ile, hauonekani popote mezani.

Basi kwa nini Warumi wetu walishinda? Walitembea mbele. Hawakufanya lingine. Safu nzima, bega kwa bega, na Waparthi wakarudi nyuma kama walivyopaswa, wakarudi tena, mpaka nyuma ikaisha. Kikosi kinachorudishwa nje ya meza huhesabiwa kimepotea. Binti mmoja, aliyekulia kwenye baraza la babu yake mcheza bao, aliniuliza, "Mwalimu, wale farasi wameenda wapi?" Nikamwambia wametolewa. Akatazama ile sentimita ya mwisho ya kitambaa cha rangi ya mchanga. "Ina maana jangwa limekwisha?"

Jangwa limekwisha. Sijapata kusikia uhakiki wa chanzo ulio mfupi kuliko huo.

Si ajabu umetoka kwa mtu wa bao. Bao la Kiswahili lina kete 64, 32 kwa kila mchezaji. 10 zinaanza ubaoni, 22 mkononi, sawa kwa wote wawili. Ubao haumpendelei mtu, ndiyo maana aliyefungwa hana wa kumlaumu. Carrhae, ubao wenyewe ni jeshi. Ukiufupisha umewaua Waparthi. Ukiurefusha umewaua Warumi. Wala hujagusa askari hata mmoja.

Na Crassus aliambiwa. Artavasdes, mfalme wa Armenia, alimshauri apite nchini kwake, kwenye milima, ambako farasi wangekosa pa kukimbilia. Alipewa achague meza kabla ya vita, akachagua tambarare iliyo karibu na Harani, ule mji ambao wasomaji wa kitabu cha Mwanzo wanaujua kwa habari za Ibrahimu. Leo uko Uturuki. Kwa hesabu ya Plutarch, Warumi 20,000 walikufa na 10,000 wakatekwa, na Crassus mwenyewe hakurudi.

Tulirudia mchezo wiki iliyofuata. Tuliunganisha meza mbili kwa gundi ya karatasi na kuacha kanuni zilezile, vikosi vilevile, hata majemadari walewale. Waparthi walirudi nyuma, na nyuma ikawepo. Safu ya Warumi ilianza kunyooka, ikapinda, pengo likafunguka upande wa kushoto, na yule kijana wa andazi akapenyeza kikosi kimoja ubavuni. Halafu cha pili upande wa pili. Ilichukua saa tatu, mlinzi alikuja mara mbili kutuzimia taa, na kikosi cha nne cha lejioni kilipoondoka hakuna aliyeshangilia. Binti yule wa bao alikuwa ameweka daftari pembeni akihesabu mbavu.

Bado hatujapata nafasi ya kuwaweka ngamia. Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, bajeti ya utafiti niliyowasilisha ina kipengele kimoja tu: meza ya tatu. Naomba kipitishwe.