Homa, Mgongo na Mshipa Mkuu wa Damu
Msikilizaji, homa isiyokoma pamoja na maumivu ya mgongo au tumbo kwa mtu aliyevuka miaka 50, hasa mwenye kisukari, huenda si malaria wala uchovu wa shamba. Bakteria kama salmonela wanaweza kung'ang'ania ukuta wa aota, mshipa mkuu wa damu, na kuudhoofisha hadi upasuke. Ndiyo maana damu ichukuliwe ikaoteshwe maabara kabla ya antibayotiki. Vidonge vya antibayotiki vya kujinunulia dukani huweza kumficha bakteria huyo asionekane kwenye kipimo. Wapo watakaosema kuchelewesha dawa kunaua. Kweli, lakini kutoa damu ni dakika chache, kisha dawa huanza bila kungoja majibu. Hata majibu yasipoonyesha kitu, picha ya CT ya aota bado inahitajika. Sindano za antibayotiki za wiki kadhaa pekee mara nyingi hazitoshi, upasuaji huhitajika. Ukiona dalili hizi, nenda hospitali leo.