BAKSHISHI NI ZAWADI, MSHAHARA NI HAKI

Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa kazi za hoteli, mikahawa na nyumbani, Mombasa



Nimeombwa niseme juu ya neno moja ambalo limeletwa mbele ya chama mara nyingi, nalo ni bakshishi. Wengi wenu mmelalamika kwamba wageni wamekuwa na mkono wa birika, na kwamba wagumu kupita wote ni wazee wetu wenyewe. Mjomba au shangazi huletwa hotelini na watoto wake siku ya sikukuu. Hula, hushukuru, humwombea weita baraka za Mungu, kisha huacha shilingi ishirini juu ya meza. Pengine haachi kitu.

Kwa sababu hiyo kuna wanachama wanaotaka chama kidai bakshishi iwe lazima kwa kila mgeni. Tena kuna wanaosema kwamba mzee akiingia na koti lake la zamani, na aachwe akae mpaka achoke, maana hana faida. Maneno hayo mawili yote nayakataa, na leo nataka kuwaeleza sababu.

Kwanza, tumjue huyu mzee ni nani.

Ninyi nyote mnamfahamu, maana kila nyumba inaye. Ni yule ambaye mkebe wa Kimbo ukiisha mafuta hautupi, huutilia chumvi, sukari au misumari. Vipande vya sabuni huvikusanya akavigandamanisha viwe kipande kimoja. Majani ya chai huyachemsha mara ya pili. Hupita akizima taa nyuma ya watoto. Huenda kwa miguu kutoka sokoni ili asitoe nauli ya matatu, na ukimtumia pesa kwa simu hukuuliza kwa nini umezituma mara mbili ukakatwa mara mbili. Mpeleke hotelini, atauliza bei ya chai kabla hajaketi, kisha atakwambia kwamba kwa bei hiyo angenunua pakiti nzima ya majani.

Sisi humcheka. Lakini tabia hiyo aliipata wapi? Wengi wa wazee hao waliingia kazini miaka ya 1950 na 1960, au walilelewa na walioingia kazini wakati huo. Mshahara wa Mwafrika mjini ulikuwa umepimwa kwa mtu mmoja tu, kana kwamba hana mke wala mtoto, na jamaa yake wote wanakula shambani bure. Haya si maneno ya chama peke yake. Mwaka 1954 kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, chini ya uenyekiti wa Bwana Carpenter, iliandika kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kazi za watu binafsi walipata mshahara usiotosha mahitaji yao ya lazima. Mwaka uliofuata, 1955, wafanyakazi wa bandari ya Mombasa waligoma kwa sababu ya mshahara.

Basi mtu aliyelipwa pesa ya mtu mmoja akalisha watu sita, hakuwa na budi kuhesabu kila senti. Kutoka katika senti hizo ndiko kulikotoka karo ya shule, bati la nyumba, na pengine nauli iliyokuleta wewe Mombasa kutafuta kazi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho kilichotulea. Leo mzee huyo ni mkongwe. Wengi wao walikuwa vibarua, wapagazi na watumishi wa nyumbani, na hawana malipo ya uzeeni yanayotosha. Ile shilingi ishirini aliyoiacha mezani aliitoa katika fedha ya dawa yake. Tusimpime kwa kipimo cha mtalii.

Sisemi kwamba hakuna bahili. Wako watu wanaoagiza kamba wa kukaanga na vinywaji vya bei kubwa, wakamwamrisha weita kama mtoto kwa saa tatu, kisha wakaondoka bila kumtazama usoni. Hiyo ni tabia mbaya, na aliye na uwezo akihudumiwa vizuri yampasa kutoa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Lakini hata tukiwakusanya mabahili wote wa Pwani tukawafunza adabu, shida yetu haitakwisha, kwa kuwa mzizi wake hauko mezani. Uko katika karatasi ya mshahara.

Hili ndilo neno langu la pili. Ndugu zangu, itazameni bakshishi vizuri.

Bakshishi humfikia anayeonekana. Weita huipata, na mbeba mizigo huipata. Lakini mwosha vyombo aliyesimama katika mvuke mchana kutwa, dobi anayepiga pasi shuka, na mpishi aliyefanya chakula kikasifiwa, hao nani huwakumbuka? Mfanyakazi wa nyumbani naye hupewa nguo kuukuu na mabaki ya chakula, akaambiwa hiyo ni nyongeza yake. Hivyo bakshishi hutugawanya. Mmoja huenda nyumbani akicheka, mwenzake huenda akinung'unika, na kesho yake hawasikilizani mkutanoni.

Tena bakshishi haina kesho. Michango ya NSSF, mfuko ulioanzishwa mwaka 1965, huhesabiwa kwa mshahara. Ukipunguzwa kazini, sheria ya kazi ya mwaka 2007 inataka ulipwe malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimiza, na hesabu hiyo nayo hufuata mshahara. Mama akienda kujifungua, au mtu akilala hospitalini, hulipwa mshahara wake. Hakuna mgeni atakayekuja wodini kuweka noti chini ya kikombe. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia na hoteli za Pwani zikafunga milango, bakshishi ilikufa siku ile ile. Wengi wetu tulirudi nyumbani tukala mahindi na muhogo wa wale wazee tunaowaita wagumu. Akiba haiozi.

Hatari ya tatu ni kubwa kupita hizo. Mwenye hoteli akizoea kuona mmepata bakshishi, atasema: "Nyongeza ya nini? Hawa hupata zao mezani." Hapo bakshishi huacha kuwa zawadi ya mgeni kwa mfanyakazi, ikawa msaada wa mgeni kwa tajiri. Mgeni amemlipia tajiri sehemu ya mshahara, naye mfanyakazi ameshukuru.

Jambo hili si la Mombasa peke yake. Wafanyakazi wa Marekani walipigana vita hii kabla yetu, na yafaa tujue habari zao. Baada ya watumwa wa huko kupewa uhuru, kampuni ya Pullman, iliyokuwa na mabehewa ya kulala ya gari la moshi, iliajiri watu weusi kuwahudumia abiria. Walitandika vitanda, walipiga viatu rangi na kubeba mizigo usiku na mchana. Mshahara ulikuwa haba, kwa hiyo iliwabidi kutegemea bakshishi. Abiria wengi hawakutaka hata kujua majina yao, wakawaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake.

Mwaka 1925 wafanyakazi hao waliunda chama chao katika mji wa New York, wakamchagua A. Philip Randolph kuwaongoza. Randolph hakuzunguka na kofia akiwasihi abiria waongeze bakshishi. Alidai mshahara wa kumtosha mtu kuishi na saa za kazi zenye kipimo. Walifukuzwa kazi, walipelelezwa, lakini hawakuacha. Walingoja miaka 12. Tarehe 25 Agosti 1937 kampuni ilitia sahihi mapatano. Mishahara ilipanda, na saa za kazi, ambazo zilikuwa zikikaribia 400 kwa mwezi, zikashushwa hadi 240. Kutoka siku ile, abiria akitoa bakshishi alimpa mtu mwenye mkataba wake mfukoni.

Lakini mikahawa ya nchi hiyo hiyo ilifuata njia nyingine. Mwaka 1966 sheria yao iliruhusu mwajiri ahesabu bakshishi kuwa sehemu ya mshahara wa chini. Matokeo yake ni nini? Tangu mwaka 1991 kima cha sheria ya nchi nzima, ambacho mwajiri hutakiwa kumlipa kwa fedha zake mtumishi anayepata bakshishi, kilikaa dola 2 na senti 13 kwa saa, ingawa baadhi ya majimbo yaliweka kima cha juu zaidi. Kima cha wafanyakazi wengine kilifika dola 7 na senti 25 mwaka 2009, cha hawa hakikuondoka hapo. Ndiyo sababu mgeni huko asipotoa bakshishi huonekana kama mwizi. Mgeni na mtumishi hutazamana kwa hasira, na tajiri hukaa kando.

Sisi tunatafuta njia ipi kati ya hizo mbili? Anayetaka chama kidai bakshishi ya lazima aifikirie sana habari hiyo.

Mtu atauliza: je, bili yetu haina fedha ya mfanyakazi ndani yake? Isomeni. Kodi ya VAT huenda serikalini. Ile asilimia 2 ya utalii huenda kwenye mfuko wa utalii, na kodi ya namna hiyo ndiyo iliyokiendesha Chuo cha Utalii kilichofunguliwa Nairobi mwaka 1975. Si yako. Mzee akiona bili ina nyongeza hizo hudhani amekwisha kukulipa, naye hana kosa. Lakini ikiwa bili ina ada ya huduma, hiyo ni habari nyingine. Mgeni ameitoa akiamini ni ya waliomhudumia, na sisi tuna haki kuuliza inaingia mfukoni mwa nani.

Kwa hiyo nashauri mambo manne.

Kwanza, kila mgeni apewe huduma moja. Mzee mwenye koti kuukuu asalimiwe shikamoo, apewe kiti, aletewe chai ikiwa moto, sawasawa na mgeni aliyetoka Ulaya. Anayemdharau mzee leo anamfundisha tajiri jinsi ya kumdharau yeye mwenyewe akizeeka.

Pili, penye bakshishi nyingi liwekwe sanduku moja, na jikoni na udobini wapate fungu lao. Funguo zishikwe na wafanyakazi, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Tatu, katika mapatano yajayo tudai mambo mawili yaandikwe: ada ya huduma ikitozwa igawiwe wafanyakazi kwa hesabu iliyo wazi, na bakshishi isitajwe kamwe kuwa sababu ya kuzuia nyongeza ya mshahara.

Nne, ni la nyumbani kwetu. Ukimpeleka mjomba hotelini akaacha shilingi ishirini, usimwaibishe mbele ya watu. Yeye ametoa alichonacho. Wewe ambaye wajua kazi hii ilivyo, nyosha mkono wako kimya kimya utimize. Na mkirudi nyumbani, muulize alipata shilingi ngapi kwa mwezi alipoanza kazi, na alilisha watu wangapi. Yaandike. Tunayahitaji maneno hayo tutakapoketi na waajiri, yawe ushahidi wa mambo humpata mfanyakazi ambaye mshahara wake haukutosha.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtegemea cha mgeni hali yake ni hiyo hiyo. Wajumbe wa kazini, nawaomba kila mmoja alete katika mkutano ujao karatasi moja ya mshahara na bili moja ya mgeni kutoka kazini kwake, tuzisome pamoja tukijua tunadai nini.

Umoja ni nguvu.