Mashahidi Wengi Si Ushahidi Mwingi
Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Machakos



Tumeombwa kusema machache juu ya mambo ya ajabu yawapatayo watu wengi kwa pamoja. Neno la mtu mmoja huulizwa; neno la watu mia husadikiwa pasipo kuulizwa. Hapo ndipo yatupasa kuangalia.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Katika mwaka 1911 ngoma na kupagawa kulienea Ukambani kutoka jirani hata jirani, na Serikali ya wakati ule ikawahamisha viongozi wake, Siotune wa Kathuke na Kiamba.

Mfano uliopimwa vizuri zaidi ni wa Kashasha, karibu na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni walishikwa na kicheko wasiweze kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao kicheko na kilio viliwafuata. Huko Nshamba walipatwa watu 217. Wengine walidhani hewa imetiwa sumu na mabomu ya atomiki. Madaktari Rankin na Philip walipima damu na chakula wasione sumu wala vijidudu. Walimu hawakupatwa, wala hakuna aliyekufa. Wakahukumu kuwa ni maradhi ya nafsi, yapitayo kwa kuonana na kusikiana.

Hatusemi kwamba wasichana wale walidanganya. La, waliteseka kweli. Lakini mateso ya kweli hayathibitishi kila sababu itajwayo.

Twayasema haya kwa kuwa baada ya ajabu hutafutwa wa kulaumiwa, naye mara nyingi ni mzee asiye na mtetezi. Huko Kisii, Mei 2008, watu wapatao 11 waliuawa kwa kuchomwa moto, wakituhumiwa uchawi kwa uvumi tu.

Basi twawaomba wanachama mambo mawili. Wagonjwa watengwe kwa upole na kupelekwa hospitali, wasipigwe wala kuchekwa. Na kila shahidi aulizwe peke yake: ameona nini kwa macho yake, na aliambiwa nini kabla hajaona? Mashahidi mia waliosikia kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja.