Sikio la mutoto: ya kufanya nyumbani na ya kuacha



Leo tunazungumza juu ya sikio. Kule Angola na Zambia wengi wetu tulizoea kujitibu wenyewe: karatasi hakuna, feza hakuna, hospitali mbali. Desturi ile tumerudi nayo Kolwezi. Sehemu moja yake ni nzuri, ingine inaua sikio.

Mara nyingi sikio linauma nyuma ya mafua. Kuna mufereji mwembamba unaotoka puani mpaka ndani ya sikio. Mafua yakiufunga, maji yanakusanyika nyuma ya kiwambo cha sikio na kukisukuma. Njo ile inaliza mutoto usiku. Moshi wa makala ndani ya nyumba unazidisha.

Usiku ule, mupe parasetamoli. Mutoto wa kilo 10: robo ya kidonge cha miligramu 500. Wa kilo 20: nusu. Ngojeni masaa 6 mbele ya kurudilia, na musipite mara 4 kwa siku. Aspirini, hapana. Wekeni kitambaa kikavu chenye joto kidogo juu ya sikio, lakini kwanza mukijaribu kwa mukono wenu. Anyonye, akunywe maji.

Kama usaha unatoka, tunaukausha. Kunjeni kitambaa safi cha pamba kama utambi, muingize polepole pale mbele, mutoe kikilowa, muweke kingine mpaka pakauke. Mara 3 kwa siku. Musikiache ndani. Na mutoto asiogelee, hata Lualaba, hata katika mashimo ya maji ya migodi.

Sasa ya kuacha: mafuta ya moto, mukojo, maziwa ya mama, maji ya majani, kijiti cha kiberiti. Usaha ukitoka, pengine kiwambo kimetoboka, na kila kitu munachomwanga kinaingia ndani kabisa. Hata matone ya farmasi, musiweke mbele muganga hajaangalia sikio.

Muende kituo cha afya kama usaha unatoka, kama homa iko kali, kama mutoto hajafika miaka 2, ao kama siku 2 zimepita na bado inauma. Kuvimba nyuma ya sikio hakungoji asubuhi: ugonjwa umefika mufupani, na unaweza kupanda kwenye ubongo. Usaha wa siku 14 na zaidi unakula usikivu polepole. Na mutoto asiyesikia vizuri, masomoni wanamuita mukaidi, wanamupiga, mwisho anaacha masomo.

Tunajua kinachowakalisha nyumbani: feza ya fishi. Njo maana tuko na sanduku la kusaidiana. Musingoje mukutano wa mwezi. Gongeni kwa kiongozi wenu wa mutaa, hata usiku. Kwenu munaotuma michango: kazi yake njo hii, fishi na dawa siku ya kwanza, wakati sikio bado linapona.

Mwisho, chanjo ya pnemokoki, inayozuia sehemu ya magonjwa haya, iko Congo tangu 2011. Inatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Leo, mukifika nyumbani, muangalie karatasi ya chanjo ya mutoto.