Jalada Lisifungwe kwa Ukimya



Filamu iitwayo Z, iliyotengenezwa na Costa-Gavras mwaka 1969, yatoka mbali na Mto Rufiji, lakini yatuhusu. Msingi wake ni mkasa wa Grigoris Lambrakis, daktari na mbunge wa Ugiriki, aliyeshambuliwa baada ya mkutano wa amani mjini Thessaloniki mwezi Mei 1963, akafa siku chache baadaye. Katika filamu hiyo wakubwa wa polisi wasema ni ajali. Hakimu mpelelezi haridhiki: awahoji mashahidi mmoja mmoja, mpaka ushahidi wamfikisha kwa wakubwa haohao. Hakimu halisi wa shauri lile, Christos Sartzetakis, alifungwa na utawala wa kijeshi. Mwaka 1985 akawa Rais wa nchi yake.

Sisi twajua kilio cha Kibiti. Miaka ya 2016 na 2017 viongozi wa vijiji, askari na raia waliuawa. Tarehe 13 Aprili 2017 pekee waliuawa askari wanane. Azory Gwanda, mwandishi wa gazeti la Mwananchi, alizitangaza habari hizo. Tarehe 21 Novemba 2017 akatoweka. Mwezi Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Palamagamba Kabudi, alisema katika mahojiano na BBC maneno yaliyoeleweka kwamba mwandishi huyo amefariki. Kisha ikaelezwa kwamba hakuwa amethibitisha kifo. Basi jamaa zake washike lipi?

Hatumshtaki mtu, kwa maana hukumu bila ushahidi nayo ni dhuluma. Wapo wasemao kwamba Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwalinda raia dhidi ya wauaji. Ni kweli. Lakini mamlaka yaliyopewa kazi ya kulinda uhai hayana budi kutoa hesabu ya kila uhai. Mjane wa askari na mke wa mwandishi wadai haki moja: kuambiwa ukweli.

Kwa hiyo, kila familia iliyopotelewa na mtu iandike jina, tarehe na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Itoe taarifa polisi, na ihifadhi namba ya taarifa hiyo. Isiposikilizwa, ipeleke malalamiko kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Nasi, Wakristo kwa Waislamu, tuwasindikize, wasiende peke yao.

Kaini aliulizwa habari za ndugu yake. Swali hilo lingali laulizwa, na amani isiyolijibu ni ukimya tu.